Njia Nyeupe ya Ingenio

Zosima Huarcaya ana mwili, na hilo halimsumbui. Mtu aliyepika supu ya kuku kwenye lango la uwanja wa ndege wa Nazca tangu marubani wa leo wakiwa wananyonya, atakondaje? Kila asubuhi watalii humjia wakitaka kula kabla ya kuruka kwenda kutazama michoro ya jangwani, naye huwakataza.

"Kunywa chai tu, mwanangu. Supu yangu ni ya kushuka, si ya kupanda."

Wabishi huwauzia. Wakirudi wamepauka, na mifuko ya matapishi mkononi, huwacheka waziwazi.

Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege. "Iko siku, Mama Zosima," marubani walimwambia mwaka hadi mwaka, ahadi za watu walioshiba. Wala hakuwa na hamu na nyani au buibui waliochorwa na watu wa kale. Hao alishawachoka kwenye fulana na vikombe. Alitaka kuona kitu kimoja tu, kile ambacho mama yake, Balbina, alikiulizia kila jioni: "Hivi kwa Lino kungalipo?"

Lino alikuwa kaka yake Zosima, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Enzi hizo wazazi wao walikuwa vibarua wa pamba katika bonde la Ingenio. Mtoto akashikwa na homa. Balbina akataka waende hospitali ya Nazca saa ileile. Mumewe, Fidencio, akasema wangoje lori la asubuhi. Lori halikuja. Wakakata jangwa kwa miguu, na katikati ya jangwa mtoto akakata roho. Wakamzika palepale, wakamzungushia mawe. Balbina, mimba ya Zosima tumboni, akaapa kwamba harudi kwenye nyumba iliyomchelewesha mwanawe. Akashika njia ya Nazca, mume akarudi Ingenio.

"Wala hakudondosha chozi," ndivyo Balbina alivyosema miaka yote. Jina la mumewe hakulitamka tena. Alimwita yule mtu. Hata habari za kifo chake zilipofika, juzijuzi tu, alimwambia binti yake, "Ukikanyaga kwenye mazishi ya yule mtu, usirudi hapa." Zosima hakwenda. Alishinda anapika.

Kila Sikukuu ya Wafu Balbina alimpelekea Lino maua, peke yake, kwa njia ileile. Jangwa la kwetu mvua haliijui. Ukisogeza kokoto nyeusi kwa mguu, udongo mweupe wa chini unabaki wazi, na kadiri unavyopita ndivyo unavyozidi kuwa mweupe. Halafu serikali ikapiga marufuku watu kukanyaga kule, isije michoro ikaharibika. Magoti ya bibi nayo yakapiga marufuku yao.

Basi asubuhi moja Kapteni Renán akaja kibandani, na safari hii hakufuata supu.

"Mama Zosima, una kilo ngapi?"

"Unataka kuoa au kuchinja?"

"Nina abiria wembamba kama fagio, na mmoja kaharisha, habanduki chooni. Ndege inalalia upande. Ama nipakie mfuko wa mchanga, ama nikupakie wewe."

"Mchanga ungekupikia?"

"Mchanga usingenisema."

Zosima alikuwa ameshavua aproni. "Nakuja, ila unipitishe kwa Lino."

Renán akaacha utani. Pale langoni nani hakuijua habari ya Lino? "Tukishapita buibui nitaulaza ubawa upande wako, mara moja tu. Usipepese macho."

Walipopaa, aliunyakua mfuko wa matapishi, akawaomba radhi kimoyomoyo wote aliowahi kuwacheka. Nyani akapita chini, mdogo kuliko wa kwenye vikombe, na mkia wake umejiviringa vizuri kabisa. Hapo udadisi ukamshika bila kutaka. Watu wale walisimama chini, hawakuwa na ndege, na kazi yao wenyewe wasingeiona. Sasa walimchorea nani?

Ubawa ukalala. Zosima akabandika uso kwenye kioo. Duara la mawe lilikuwepo, dogo, zima. Njia ya mama yake nayo ilikuwepo, uzi mwembamba uliotoka upande wa Nazca. Furaha ikamjaa kifuani. Kisha akaona uzi mwingine, ng'ambo ya duara, ukienda kaskazini mpaka kwenye kijani cha bonde la Ingenio.

"Ile nyingine ni ya wale wa kale?" akauliza kwenye kipaza sauti.

"Njia za wale hazipindi, Mama. Ile inakwepa mawe makubwa. Hiyo ni miguu ya mtu."

Jioni alimkuta Balbina mlangoni, anamenya maharage.

"Nimepanda ndege, mama. Kwa Lino kungalipo. Mawe hayajaguswa."

"Na njia yangu?"

"Ipo."

Angeweza kuishia hapo, bibi akalala kwa raha. Lakini angelala vipi yeye?

"Kuna nyingine, mama. Inatoka Ingenio."

Mikono ya Balbina ikasimama. Paka akaja kunusa bakuli, na hakumfukuza.

"Ipi nyeupe zaidi?"

Zosima aliogopa swali hilo tangu uwanjani. "Ya Ingenio."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali sana, mama. Yako huwezi kuilinganisha nayo."

Balbina akamenya haragwe moja, akalitupa, likalikosa bakuli. "Mimi nilikuwa naenda Sikukuu ya Wafu tu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Zosima hakumbembeleza. Naye alikuwa na mazishi yake ya kulilia.

Walipotulia, bibi alijifuta uso kwa shali ya mabegani.

"Jumapili funga kibanda."

"Na watalii watakula wapi?"

"Wale mchanga. Wewe unipeleke Ingenio, kwa baba yako."