Penseli Nyekundu ya Mzee Kurt

Juzi, katika duka moja la mtaani kwetu, Bertrams, niliona penseli nyekundu nikamkumbuka Mzee Kurt, Mjerumani aliyepanga chumba chetu cha nyuma nilipokuwa mdogo. Alikuwa mwandishi wa tamthilia. Kiswahili alijifunzia Dar es Salaam, alikotumwa na serikali yake ya kijamaa kufundisha uigizaji.

Alasiri moja kabichi ilikuwa ikichemka, na cherehani ya mama ilinuka mafuta. Mzee aliingia na karatasi zake, akamkabidhi mama penseli nyekundu.

"Nikatie, mama."

"Mzee wangu, Kijerumani mimi nakijulia wapi?"

"Kata popote."

Mama aliguna, akapiga mstari mrefu katikati ya ukurasa. Mzee aliutazama, akashusha pumzi, akakaa. Mimi, juu ya rundo la vitambaa, nilimwonea huruma. Nilidhani mama ni mwalimu wake, na mzee wa watu kafeli.

"Kwetu," alisema taratibu, "kila mchezo wangu ulipita kwanza ofisini kwa wakaguzi wa serikali. Walinikata miaka yote, nikawachukia. Kisha serikali ile ikaanguka, na hakuna aliyenikata tena. Wala aliyenisoma."

Mama alimrudishia karatasi. "Basi kesho lete nyingine."

Siku hizi nami huandika kidogo nikitoka kazini, nimechoka, kwa Kiswahili, katika nyumba ambamo wanangu hunijibu kwa Kizulu. Penseli ile niliinunua. Ipo mezani, imeshachongwa, na sijui nimpe nani.