Chupa ya Maji Kabla ya Pambano

Mwaka niliomaliza chuo, mdogo wangu aliandikishwa kupigana kwenye maonyesho ya ngumi na mateke pale Mpanda. Asubuhi walimpima kwa mizani ya kupimia tumbaku, akazidi uzito wa kundi lake kwa nusu kilo. Mwalimu wake akamvisha koti zito, akamwambia azunguke ukumbi mbio mpaka uzito upungue. Tangu jana yake hakuwa amegusa maji.

Mashabiki wakaanza kubishana.

"Sisi, ng'ombe wa mnada tunamlambisha chumvi ili anywe maji, aongezeke uzito," alisema mfugaji mmoja. "Nyie mnamkausha mtu!"

"Ng'ombe wako hapigani, mzee," kijana mmoja akamjibu. "Huyu akipangwa na wazito atavunjwa mbavu."

Nikaona wote wana hoja, na hilo ndilo lililonitesa. Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwangu. Nikimpa, atakosa pambano alilolingoja. Nisipompa, akianguka je? Nitamwambia nini mama?

Mdogo wangu akasimama mbele yangu, midomo imepasuka.

"Kaka, ukinipa nitakunywa," alisema. "Kwa hiyo usinipe."

Nikampa. Akanywa yote bila kupumua, akakaa chini, kisha akauliza kama yapo mengine.