Nyuzi za Mkonge kwenye Droo ya Nesi

Nesi wa zahanati yetu ana kitita cha nyuzi za mkonge kwenye droo. Mwanamke akilalamikia maumivu ya hedhi, nesi huzichambua mojamoja kwa kucha, taratibu, bila kumtazama, huku akisema: "Ukutani mwa mfuko wa uzazi kuna mishipa ya fahamu, myembamba kuliko hizi. Wengine wanayo mingi." Juzi Vitalis alimleta mkewe, Doris, amejikunja, kukaa hawezi. Vitalis akatoa shikamoo, kisha akasema, "Mama, huyu anadeka tu. Kila mwezi hivihivi, na mpunga unatusubiri." Nesi akamwomba Vitalis mkono, akachagua unywele mmoja, akaung'oa. Akaruka. Sisi wa kwenye benchi tukatazama sakafu. "Huo ni mmoja," nesi akasema, akafungua kadi ya Doris.