Rimu za Kaka, Mgongo wa Mke

Saa mbili asubuhi, jeki imeinua pikapu nyeupe upande mmoja na fundi matairi amepiga magoti kwenye saruji, anafungua nati. Matairi anayoyatoa ni mazima, meno yake bado yamesimama. Kando yamelazwa manne mengine yatakayochukua nafasi: rimu kubwa zinazometameta, zimezungushiwa mpira mwembamba kama mkanda wa suruali.

Ukimwuliza kwa nini anaharibu kazi yake mwenyewe, anaonyesha kwa kidevu tu. Kivulini, kwenye kiti pekee cha karakana, ameketi kaka yake mkubwa, amekunja nne, anachezea simu.

Mtaa mzima unamwita fundi huyu Kipimo, maana hakufungii tairi kabla hajakuuliza gari lako linabeba nini na linapita wapi. Wenye pikapu humjia na lalamiko moja: gari linaruka, linagonganisha meno. Wengi wao wamejitakia.

"Mtu anadhani rimu kubwa ndiyo safari nzuri," anasema. "Nafasi ya gurudumu pale chini ni ileile, haiongezeki. Ukizidisha chuma, umepunguza mpira. Mpira ndio wenye upepo, na upepo ndio unaomeza shimo. Sasa hapo shimo litamezwa na nani? Na kiuno chako!"

Wapo pia wanaotaka matairi magumu ya kubebea tani, wakati mzigo wao ni mikate. "Namwambia mteja, haya bila mzigo mzito hayalainiki. Ananijibu, fundi, mimi nataka ya kudumu. Haya bwana, dumu."

Lakini mgongo unaomnyima Kipimo raha si wa mteja. Ni wa mkewe, anayeishi naye katika vyumba viwili nyuma ya karakana. Mwaka jana mama huyu aliteleza kwenye ngazi, akapasuliwa uti wa mgongo na kuwekewa vyuma. Kila Alhamisi ni lazima afike hospitali kwa mazoezi ya miguu. Kukaa kitako muda mrefu hawezi, kwa hiyo hulazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, saa nzima ya mawe na matuta. Daktari amewaambia waziwazi: akikatiza mazoezi sasa, kusimama asahau.

Kwa ajili yake Kipimo alifunga rimu ndogo, namba kumi na tano, na matairi yenye ubavu mnene. Kisha akafanya kituko kilichochekesha mtaa. Alilala yeye kwenye lile godoro, jirani akaendesha, na kila likimrusha anapiga bodi ngumi gari lisimame, ashuke apunguze upepo kidogo, alale tena. Alirudi ana vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake.

"Alhamisi ile nilipitiwa na usingizi njiani," anasema mkewe, amelala kiubavu kitandani, mlango wazi. "Nikamwambia, baba, leo umenioa upya."

Tatizo ni mwenye funguo. Pikapu aliiacha marehemu baba yao na neno moja: ni ya wote wawili, lakini mkubwa ndiye atakayeishika mpaka siku ya kufa kwake. Mkubwa huikodisha kwa maharusi. Mwezi uliopita akaleta rimu namba ishirini, Kipimo akazifunga. Mkewe alirudi kutoka hospitali amejikojolea kwa maumivu. Kesho yake Kipimo akarudisha matairi ya zamani bila kumwambia mtu. Jana kaka akagundua.

"Huyu nimemlea mimi," anasema kaka, macho hayatoki kwenye simu. "Baba alipokufa ni mimi niliyempeleka kwenye ufundi. Hiyo spana anayoishika ni jasho langu. Maharusi hawapandi gari lenye matairi ya trekta. Shemeji avumilie kidogo. Kwani ni kila siku? Ni Alhamisi tu."

Alhamisi tu! Jamani. Mwandishi wa makala haya alikuja kuuliza habari za matairi, na hapo akatamani amkamate mzee huyo kwa ukosi, amlaze kwenye godoro lile na ashike usukani mwenyewe.

Kipimo anajaribu. "Kaka, basi tuweke namba kumi na saba, angalau mpira ubaki kidogo."

"Funga."

Kipimo anafunga. Nati anazikaza kwa zamu, moja juu, moja chini, vizuri kabisa, kama gari la mteja anayemheshimu.

"Mume wangu anamgombeza kila mwenye gari mji huu," mkewe anasema kwa sauti ya kusikika nje. "Kwa kaka yake anameza mate. Wanasema mkubwa ni jalala. Humu ndani jalala ni mimi. Alhamisi hii siendi, na asije mtu kunibembeleza."

Kaka anajifanya hakusikia. Anapanda, anaondoka. Kwenye tuta la kwanza kishindo kinafika mpaka chumbani.

"Nikimkatalia analichukua gari moja kwa moja," Kipimo anasema, anafuta grisi vidoleni. "Saa hizi angalau Alhamisi linakuja. Na ni kweli alinilea, siwezi kusema uongo."

Na matumaini yake ni nini? Anakunja kitambaa cha grisi mara nne.

"Kila nikiomba nilikuwa namwombea kaka maisha marefu. Kwa moyo wangu wote. Siku hizi nikifika kwenye jina lake, naliruka."

Anashtuka kusikia alichokisema. "Usiliandike hilo, tafadhali. Ni kaka yangu."

"Liandike," mkewe anasema kutoka ndani.