Hati Chini ya Tandiko

Asubuhi ile Zuurakan alimmiminia mumewe chai nusu bakuli, kama kila siku, akamsogezea mkate na malai. Kisha akauliza, macho yake kwenye birika:

"Mzee, yule farasi wako wa kwanza mlimwita nani?"

Ashyrbek akaacha kutafuna. "Wa nini leo?"

"Nauliza tu."

"Juzi umeuliza mama alikuwa akiniitaje nikiwa mdogo. Jana, namba ya nyumba tuliyopanga mwaka ule wa theluji nyingi. Wewe ni polisi?"

"Polisi wangekupa sigara kwanza." Akacheka, akafunga kitambaa kichwani, akachukua daftari lake, akatoka.

Jina la farasi likabaki mdomoni mwa Ashyrbek.

Walikuwa wameoana miaka arobaini na mitatu. Ishirini na tisa kati ya hiyo Zuurakan aliikaa kwenye chumba cha funguo cha kiwanda cha nguo hapa Bishkek. Kila ufunguo ulipita mkononi mwake; jioni kila mlango wa bohari ulipigwa lakiri yake. Mwizi alimjua kabla hajaiba. Alikuwa akisema mwenye nia safi anakutazama usoni anapoomba ufunguo, mwenye lake anatazama msumarini ulipotundikwa. Kiwanda kikafungwa. Akarudi nyumbani, akakosa watu wa kuwatazama.

Ndipo vijana watatu wakapanga chumba cha mbele kwa jirani. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta, wa mpelelezi anayefungua kompyuta za washukiwa. Zuurakan alikwenda kuwagombeza kwa sababu walimwaga majani ya chai mferejini. Jua lilikuwa limeshainama aliporudi.

"Wahuni hao," Ashyrbek akamwambia. "Wanafundisha watu kufungua vya wenzao. Usinitajie tena mlango ule."

Hakuutaja tena. Lakini alikwenda, kila siku saa nne, na daftari. Ashyrbek alimwona. Na yeye akisogea karibu, daftari linafungwa.

Mwezi wa nne akamfuata. Akasimama chini ya dirisha la vijana wale, akijifanya anazibua mfereji. Akasikia sauti ya mkewe:

"Bado hajashuku. Akianza tu, atahamisha karatasi, tubaki mikono mitupu."

Kijana mmoja akauliza, "Tumpe siku ngapi?"

"Mbili zinamtosha. Ni mwoga yule."

Ashyrbek alirudi nyumbani. Karatasi ya maana aliyokuwa nayo ilikuwa moja: hati ya nyumba, ndani ya kasha la nguo za baridi. Jumanne, Zuurakan akiwa sokoni, akaegemeza ngazi, akapanda darini, akaificha chini ya tandiko la farasi la marehemu baba yake. Goti la kushoto lilimuuma wiki nzima.

Tangu hapo alikula chakula cha mkewe na kulala ubavuni pake, huku anamvizia. Alingoja amwone akifungua kasha. Hakulifungua hata mara moja. Hilo nalo likamzidishia shaka.

Siku ile ya farasi, saa saba mchana, wakamjia mbio. Zuurakan alikuwa ameanguka mlangoni kwa jirani. Moyo. Ashyrbek alipofika, alikuwa ameshakwisha.

Akazika, akabaki na jambo moja linamtafuna. Huyu mwanamke alikuwa akimfanyia nini? Na kama hakuwa akimfanyia kitu, je, amekufa anajua kwamba mumewe alimwona mwizi?

Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuondoka, akabaki msichana mmoja wa wale vijana, jina lake Meerim. Alikuwa na kompyuta kwapani.

"Babu, naomba nikuonyeshe kazi ya bibi."

"Kazi gani? Mimi hata kusoma ni kwa taabu."

"Hakuna cha kusoma. Tazama tu."

Kwenye kioo palikuwa na ofisi ya bohari la sufu, na meza ya karani mmoja mzee.

"Mwanzo neno la siri la kompyuta yake tuliliweka kwenye kikaratasi, hapo hapo mezani. Bibi alicheka hadi akakohoa. 'Mtu ana siri, halafu anaiweka mezani kama chumvi?' Akatufundisha mpelelezi akae na watu, aulize mambo ya zamani, maana ndimo watu wanamotoa maneno yao ya siri. Na kompyuta ya mke wa mwana wa karani tulikuwa tumeifunga kwa jina la baba mkwe. Tulimkoma! 'Nyie mmezaliwa wapi? Mke gani wa Kikirgizi ataandika jina la baba mkwe wake, wakati hata kulitaja ni mwiko? Kidole kitamkauka!'"

Ashyrbek akatabasamu bila kutaka.

"Sasa tazama nikikosea. Neno la siri la karani huyu hatuna bado, bibi alisema angelileta siku ile aliyofariki." Akabahatisha mara tatu, kompyuta ya karani ikajifunga. "Kesho yake anajua kuna aliyemchokoa. Tunampa siku mbili za kuhamisha karatasi zake."

Siku mbili. Ashyrbek akakumbuka dirisha.

Karani akawa anageuka nyuma kila hatua. Akatoa karatasi kashani, akaegemeza ngazi. Daraja la tatu akasimama, akasugua goti la kushoto. Kisha akapanda darini, akazisukuma karatasi chini ya tandiko kuukuu.

Ashyrbek akaweka bakuli chini. "Haya nani aliwaambia?"

"Bibi. Alikuja Jumatano moja, akasema, 'Nimeshaona karani wenu anavyoficha.' Alisema ngazi ya nyumbani ilirudishwa upande siyo, na kofia ya mwenyewe ina vumbi la dari."

Mzee akalitazama lile tandiko kiooni. Chai ikapoa.

"Karager," akasema. "Farasi. Aliitwa Karager."

Meerim akaliweka liwe neno la siri la karani, akaanza mchezo upya, akaliandika. Kompyuta ya karani ikafunguka.

"Alijua namshuku?"

"Alijua, babu."

"Mbona hakunisema?"

"Hata mimi nilimuuliza. Nikamwambia, bibi, si umwambie umeona, yaishe? Akanijibu hivi hivi: 'Mwache. Nikimwambia nimeona atatafuta maficho mapya, na goti lile halipandi ngazi mara ya pili.'"