Majina Matatu Dukani

Juzi, dukani hapa Kismayo, mama mmoja wa kisiwa cha Chula alimtumia binti yake pesa kwa simu. Namba ya siri aliibonyeza ndani ya buibui, asiione mtu. Kwa kuwa hajui kusoma, akampa muuzaji simu amsomee kama zimefika.

"Zimefika!" Muuzaji akasoma kwa sauti kwenye ujumbe jina la binti, la babake na la babu.

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, si ungeninong'oneza? Babake alishamkana, hataki nimtumie kitu."

Jirani yake wa Chula, aliyekuwa nyuma yetu, akatoka bila kununua kitu.

Tunahimizwa tufiche namba ya siri, nasi twaificha. Majina yote matatu tuliyasikia foleni nzima.

Jana mama alirudi kununua sukari. Muuzaji akamwuliza, safari hii akinong'ona, kama atatuma tena.

"Simu sasa anayo mume wangu," akajibu.