Visikizi vya Asumani Mugabo

Zaituni alipofariki, mumewe Asumani Mugabo alirudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio pale Kamembe, karibu na mpaka, mara tu matanga yalipoondolewa. Watu wakamsifu kwa uvumilivu wake. Kweli ni kwamba nyumbani hapakukalika. Binti zake walikuwa wameolewa, mmoja Bujumbura, mwingine Kigali, na kumpikia mtu mmoja kulimshinda. Akawa anakula mkate na chai palepale kibandani, katikati ya redio za watu zilizopasuliwa matumbo.

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza. Mbelgiji mmoja, mpima barabara, alikuwa anarudi kwao, akamletea amplifaya ya zamani, ile ya taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa, pamoja na mashine ya kupigia santuri, santuri chache na visikizi vikubwa vya kuvaa masikioni.

"Radi ilipiga kisanduku cha katikati, kile cha kuunganisha visikizi na amplifaya," Mbelgiji alisema. "Bila hicho, haviimbi. Ukiweza kuvifufua, ni vyako."

Asumani alivifungua akashangaa. Maisha yake yote alikuwa amezoea spika za sumaku na karatasi. Humu hamkuwa na sumaku. Palikuwa na ngozi ya plastiki, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, imewambwa kati ya mabati mawili yenye vitundu. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ngozi ile hutaka kushibishwa umeme mkali, volti mamia, ingawa huunywa kwa matone tu. Kisha mabati huivuta na kuisukuma, nayo hutikisa hewa. Na umeme mkali wa namna hiyo haukuwa mbali. Amplifaya ya taa inao tayari tumboni.

Akaichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye zile taa kubwa za mwisho, akaipitisha kwenye kapasita ili ukali wa taa usifike kichwani mwa mtu. Akatengeneza na njia ndogo ya kuishibisha ngozi, akaweka rezistansi kubwa mbele yake kama mlinzi mlangoni.

Alivivaa asubuhi moja ya mvua. Katika santuri mwanamke aliimba na gitaa moja tu. Asumani alisikia kidole kikiteleza juu ya waya. Alisikia kiti kikilia, na yule mwanamke akivuta pumzi kabla ya neno. Aligeuka haraka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Siku ile nzima alitafuta wa kumsikilizisha. Alianza na jirani yake Habineza, fundi cherehani.

"Ina volti ngapi?" Habineza aliuliza.

"Mia tano na kitu. Lakini nimeweka..."

"Kwa kichwa? Hapana, Asumani. Miye niko na batoto."

Wengine walicheka, wengine wakasema ujane umemharibu akili, anavaa moto kichwani. Na tena, muziki wa Kamembe ulikuwa wa wote. Redio iliwekwa dirishani ikapigwa mpaka barabarani. Mtu wa kujifungia na wimbo peke yake, nani amemwona?

Aliyekubali ni Maman Antoinette, mjane wa Bukavu aliyenunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakavu kutoka kisiwa cha Nkombo, na kuwavusha mpakani kwa daraja la Rusizi ya kwanza hadi kwao. Alileta redio yake iliyokuwa imenyamaza, mvua ikamzuia kuondoka.

"Papa Asumani, ile kitu ya kwa kichwa inakuambiaka nini?"

Akamvalisha. Antoinette alitua kikapu chini polepole. Akaweka mkono mdomoni.

"Kuko muntu," alisema kwa sauti ndogo. "Kuko mwanamuke anapumua hapa, karibu na shingo yangu!"

"Umemsikia?" Asumani alikaribia kulia. "Umemsikia kweli?"

"Nimemusikia." Akavivua. "Na weye, wakati niko nasikia, unasikiaka nini?"

"Mimi? Mvua."

"Aa, hiyo si muzuri. Ni kama kula na kufunga mulango."

Tangu hapo, kila alipovuka kwenda kununua sambaza, alipita. Walisikiliza kwa zamu, upande mmoja wa santuri yeye, upande wa pili Asumani, mmoja akingoja na kumtazama mwenzake uso. Ndipo Asumani alipoamua kutengeneza visikizi vya pili.

Alitoboa mabati ya kopo la maziwa kwa msumari, kitundu kwa kitundu. Alitafuta plastiki nyembamba ya kufungia biskuti, akaiwamba, akaipaka unga wa risasi ya penseli ili ishike umeme. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ililia kama mvua juu ya bati. Hakutaka Antoinette aone kazi ambayo haijaisha, hivyo alipokuja alimwambia, "Leo nina kazi nyingi, Maman. Pita safari ijayo." Alimwambia hivyo mara kadhaa.

Vilipoimba hatimaye, vibaya kidogo upande wa kushoto lakini vikaimba, Antoinette alikuwa ameacha kuja.

Alingoja. Kisha akavuka daraja mwenyewe, akapanda hadi soko la Kadutu kule Bukavu na kuuliza kwenye meza za sambaza. Mama mmoja, Nzigire, alimjua.

"Antoinette alihamia Uvira. Dada yake alikufa, akaacha batoto badogo. Hata alipita kwako kukuaga, siku ya Ijumaa. Alikuta umefunga."

"Nilikuwa msikitini," Asumani alisema.

"Ndiyo vile, Papa. Alikungojea kidogo, akaenda."

Alirudi kwa miguu. Pale darajani wabeba mizigo walimpita pande zote mbili wakiitana kwa majina.

Kwa majuma mengi hakugusa santuri. Jumapili moja Habineza aliingia bila kuitwa, akavuta kiti.

"Muke wangu anasema umekonda. Lete hiyo kitu, nisikie."

Asumani alimvalisha vile vya Mbelgiji, yeye akavaa vyake vya kopo, akashusha sindano. Gitaa likaanza. Kiti kikalia. Mwanamke akavuta pumzi, na Asumani akageuka kwa furaha.

"Umemsikia?"

Habineza alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono yake iliyochomwachomwa na sindano imelegea mapajani. Asumani alimtazama kwa muda. Upande wa kwanza ulipokwisha, aliigeuza santuri taratibu ili asimwamshe.